Mkia wa Mbayuwayu Hauonekani? Mwongozo Kamili wa MRI ya Mabadiliko ya Awali ya Parkinson

Malalamiko ni yaleyale. Skana ya MRI ni ya tesla 3 (kipimo cha nguvu ya sumaku), SWI (picha inayoonyesha madini ya chuma) imepigwa, na picha zikifunguliwa substansia nigra, eneo la ubongo linaloharibiwa na Parkinson, ni doa jeusi tupu pande zote mbili. Ripoti inaandikwa kwamba nigrosomu-1, fungu la seli ambalo kwa mwenye afya hung'aa ndani ya weusi huo na kuufanya ufanane na mkia wa mbayuwayu, imepotea. Baadaye anapigwa mtu mwenye afya njema kwa mpangilio uleule, na yeye pia anaonekana "amepoteza" nigrosomu.

Mara nyingi msomaji wa picha hana kosa. Kosa limeshafanyika kwenye chumba cha skana, pale vipande (tabaka za picha) vilipopangwa vinene na kwa pembe isiyofaa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu upigaji, na usomaji unakuja mwishoni.

Jambo moja liwe wazi kabla ya yote: Parkinson hutambuliwa kwa dalili na uchunguzi wa mwili. Vigezo vya MDS (jumuiya ya kimataifa ya magonjwa ya mwendo) vya mwaka 2015 vinaanzia kwenye mwendo kuwa wa polepole, pamoja na kutetemeka mtu akiwa ametulia au misuli kukakamaa. MRI inamsaidia daktari, haimwondoi kwenye kiti chake.

## Unachotafuta

Substansia nigra iko kwenye ubongo wa kati, kulia na kushoto. Ndani yake mna seli zinazotengeneza dopamini, zenye rangi nyeusi ya neuromelanini. Baadhi ya seli hizo zimejikusanya katika mafungu matano yaitwayo nigrosomu. Nigrosomu-1 ndiyo kubwa kuliko zote, imekaa upande wa nyuma na nje, na ndiyo inayoathirika mapema na vibaya zaidi.

Ugonjwa unapoanza, mambo matatu hutokea eneo hilohilo: madini ya chuma huongezeka, neuromelanini hupungua, na maji yasiyozuiwa na kuta za seli huongezeka. Kila badiliko lina picha yake. SWI na QSM (ramani ya usumaku wa tishu inayokokotolewa kwenye kompyuta) huonyesha chuma, picha ya neuromelanini huonyesha rangi, na picha ya difusheni (msambao wa maji) huonyesha maji huru. Picha za kawaida za MRI, yaani T1, T2 na FLAIR, haziyaonyeshi mabadiliko haya. Mgonjwa wa Parkinson ya awali anaweza kuwa na MRI ya kawaida isiyo na dosari yoyote.

## Vitu vya kuandaa

- Skana ya tesla 3. Tesla 7 huonyesha vizuri zaidi. Kwa tesla 1.5, usiandike chochote kuhusu nigrosomu: ishara ni dhaifu mno kwa vokseli (chembe za picha za 3D) ndogo zinazohitajika.
- Koili ya kichwa (antena inayopokea ishara) yenye chaneli 32 au zaidi.
- Sifongo za kubana kichwa pande zote mbili, na mto wa chini ya magoti.
- Ruhusa kwenye skana ya kuhifadhi picha za fezi (awamu ya ishara) ambazo hazijachujwa, pamoja na picha za ukubwa wa ishara. Mpangilio wa kiwandani mara nyingi hauzihifadhi.
- Programu: dcm2niix ya kubadilisha mafaili, ITK-SNAP au 3D Slicer ya kuchora maeneo, FSL ya difusheni, na SEPIA au QSMxT ya QSM.
- Picha za watu wenye afya wa umri unaolingana na wagonjwa wako, waliopigwa kwenye skana hiyohiyo kwa mpangilio huohuo. Bila hawa, namba za Hatua ya 8 hazina maana.

Gadolinia (dawa ya kung'arisha picha) haihitajiki kwa kazi hii.

## Hatua ya 1: Pata swali kamili

Fomu iliyoandikwa "kutetemeka, MRI ya ubongo" haitoshi. Muulize daktari dalili zilianza upande gani wa mwili, zimekuwepo kwa muda gani, na mgonjwa anatumia dawa zipi. Ugonjwa ulioanza mkono wa kulia hutazamiwa kuonekana zaidi kwenye substansia nigra ya kushoto. Picha ikionyesha kinyume chake, una sababu ya kurudi kuikagua upya.

Uliza pia kama mgonjwa hupiga kelele, ngumi au mateke akiwa usingizini akiigiza ndoto zake. Tatizo hilo la usingizi linaweza kutangulia Parkinson kwa miaka, na wenye nalo ni miongoni mwa watu wachache ambao picha hizi zinaweza kuwakuta kabla mwendo haujaharibika.

## Hatua ya 2: Mwandae mgonjwa

Kibandiko cha rotigotini, dawa ya Parkinson inayopita kwenye ngozi. Mvue kabla ya kuingia. Mgongo wa kibandiko hicho cha Neupro una alumini na unaweza kuunguza ngozi. Wagonjwa wengi hawakihesabu kuwa chuma wala kuwa dawa, kwa hiyo swali la "una kitu chochote cha chuma mwilini?" halitakigundua. Taja kibandiko kwa jina na utazame mabega, tumbo na mapaja.

Pampu ya apomofini, dawa nyingine ya Parkinson. Inabaki nje ya chumba. Panga na daktari wake muda ambao mgonjwa atakaa bila dawa.

Elektrodi za kusisimua ubongo. Usimpige hadi umepata namba ya modeli na masharti ya mtengenezaji. Baadhi ya vifaa vina mipaka ya nguvu ya sumaku, aina ya koili na joto linaloruhusiwa, na picha ya neuromelanini hupandisha joto kuliko picha nyingi.

Dawa. Usimwachishe levodopa (dawa kuu ya Parkinson) kwa ajili ya picha hizi. Mpange saa ambayo dawa yake inafanya kazi vizuri, kwa sababu mgonjwa aliyetulia ni bora kuliko mbinu yoyote ya kusahihisha mtikisiko. Akihitaji dawa ya kichefuchefu, asipewe metoklopramidi: inazuia dopamini na inaweza kuzidisha dalili.

Mwekee mto chini ya magoti, jaza sifongo pande za kichwa, mpeleke msalani. Mikono inayotetemeka ilale kifuani au ubavuni bila kugusa koili. *Mafanikio* ya hatua hii: mgonjwa amelala, mkono unatetemeka lakini kidevu hakisogei.

## Hatua ya 3: Panga mfuatano

Mpangilio unaofaa ni huu: picha za kutafutia mahali, T1 ya 3D ya milimita 1, SWI, neuromelanini, difusheni, halafu T2 na FLAIR.

SWI iwe mapema kwa sababu mbili. Mgonjwa bado hajachoka, na difusheni bado haijapasha moto mashine. Difusheni ikitangulia, masafa ya skana huhama taratibu na fezi huharibika. Mfuatano wote huchukua takriban dakika 40 hadi 50. Mgonjwa akishindwa kuvumilia, bora uache difusheni kuliko kupunguza SWI.

Usizidharau T2 na FLAIR kwa kuwa ziko mwisho. Ndizo, pamoja na T1, zinazoonyesha viharusi vidogo, maji kujaa ventrikali, au alama za PSP na MSA, magonjwa yanayofanana na Parkinson: ubongo wa kati uliosinyaa hadi kufanana na kichwa cha ndege kwenye picha ya ubavu (PSP), au alama ya msalaba kwenye ponsi, sehemu ya shina la ubongo (MSA).

## Hatua ya 4: Panga vipande vya SWI

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

SWI ya kawaida ya ubongo mzima huwa na vipande vya milimita 2 au zaidi. Nigrosomu-1 ni nyembamba, na kipande kinene huchanganya mng'ao wake na weusi wa pande zake hadi mkia usionekane. Lenga milimita 0.5 kwa 0.5 ndani ya kipande, na unene usiozidi milimita 1.

Pembe nayo ina uzito. Fungua picha ya katikati ya ubavu, tafuta ubongo wa kati, kisha laza vipande viukate kwa pembe mraba na mhimili wake mrefu. Vipande vilivyolazwa kwa mazoea ya ubongo mzima hupita kwenye substansia nigra kwa mshazari, na mkia hukatwa vipandevipande.

Kuna mvutano unaopaswa kuujua. QSM hukokotolewa kwa kutegemea mwelekeo wa sumaku kuu, kwa hiyo vipande vilivyoinamishwa huiharibu kama programu haijaambiwa pembe hiyo. Una njia mbili:

1. Kama unataka mkia peke yake, inamisha vipande wakati wa kupiga.
2. Kama unataka mkia na QSM pamoja, piga vipande vilivyonyooka vyenye vokseli zinazokaribia kuwa mchemraba, milimita 0.7 au 0.8 kila upande, kisha ukate upya kwa pembe inayofaa kwenye kompyuta.

Njia ya pili ndiyo bora kwa kituo chochote kinachofanya utafiti. Inachukua muda zaidi, lakini haikulazimishi kuchagua.

## Hatua ya 5: Piga SWI

Tumia gradienti-mwangwi ya 3D yenye miangwi kadhaa, isomwe kwa mwelekeo mmoja kila mwangwi. TE (muda wa mwangwi) ya mwangwi wa mwisho ifike milisekunde 25 hadi 35, TR (muda kati ya mipigo) iwe takriban milisekunde 40 hadi 50, na pembe ya mgeuko takriban digrii 15. TE fupi mno haitoi tofauti ya kutosha kati ya nigrosomu na chuma kilichoizunguka. TE ndefu mno hutia giza kila kitu.

Hifadhi picha za ukubwa na fezi za kila mwangwi. Kisha zikague kabla mgonjwa hajashuka:

- Ukingo wa ubongo wa kati uwe mkali, usiwe na kivuli cha pili. Ukiona vivuli, rudia sasa hivi.
- Kwenye picha za fezi kusiwe na mistari inayoanza katikati ya ubongo na kukatika bila mwisho. Mistari hiyo ni dalili kwamba ishara za koili hazikuunganishwa vizuri, na hakuna programu ya QSM itakayotoa ramani ya kuaminika kutokana nazo.

## Hatua ya 6: Piga picha ya neuromelanini

Mbinu ya zamani, ambayo watafiti wa Japani waliionyesha mwaka 2006 kwa tesla 3, ni T1 ya mwangwi-spini wa kasi. Siku hizi wengi hutumia gradienti-mwangwi ya 2D yenye mpigo wa kuhamisha usumaku, uliowekwa takriban hezi 1,200 kando ya masafa ya maji. Mpigo huo huzima tishu zinazoizunguka nigra, nayo hubaki inang'aa.

Anza na vipande vya milimita 2.5 hadi 3, milimita 0.4 hadi 0.5 ndani ya kipande, na marudio kadhaa. Hifadhi kila marudio peke yake badala ya kuiachia skana iyajumlishe. Mgonjwa akijitikisa mara moja utatupa rudio moja, si picha nzima.

Vipande vikate shina la ubongo kwa pembe mraba, kuanzia juu ya nigra hadi katikati ya ponsi. Sababu ya kushuka hadi ponsi ni lokusi seruleusi, kiini kidogo kinachobeba neuromelanini na kinachoathirika mapema pia.

*Mafanikio:* kwenye ubongo wa kati unaona mistari miwili inayong'aa, na kwenye ponsi nukta mbili ndogo kando ya sakafu ya ventrikali ya nne. Kwa mtu mwenye afya, kutoonekana kwa nukta hizo kuna maana kwamba mpigo ni dhaifu au kichwa kimesogea. Skana ikigoma kwa sababu ya joto, punguza idadi ya vipande au refusha TR. Usipunguze nguvu ya mpigo kimyakimya, kwa sababu utakuwa umebadilisha kipimo na hutaweza kumlinganisha mgonjwa huyu na mwingine.

## Hatua ya 7: Piga difusheni

Vokseli za milimita 2 kila upande, b (nguvu ya kupima difusheni) ya 1,000, mielekeo 64, na picha kadhaa za b sifuri. Ongeza picha mbili au tatu za b sifuri zenye mwelekeo wa fezi uliogeuzwa. Bila hizo hutaweza kunyoosha upindaji wa shina la ubongo, na eneo utakalochora litaangukia kando ya nigra.

Kipimo cha kutumia ni maji huru. Anisotropi (kiasi ambacho maji hufuata mwelekeo mmoja) ya kawaida kwenye nigra imetoa majibu yanayopingana kutoka utafiti hadi utafiti, na haifai kuutegemea uamuzi wa mgonjwa mmoja.

Angalizo kwa watakaokokotoa wenyewe: kifurushi cha maji huru kilichomo ndani ya DIPY, programu ya kuchakata difusheni, kinahitaji data yenye thamani zaidi ya moja ya b, ukiacha sifuri. Ukikilisha data ya b moja hutapata ramani ya kuaminika. Kwa b moja tumia mbinu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, au panga b mbili tangu mwanzo.

## Hatua ya 8: Toa namba

QSM. Kunjua fezi, ondoa uga wa nje kwa mbinu ya V-SHARP au ile iitwayo PDF, kisha geuza uga kuwa ramani. Jaribio la haraka: mishipa ya vena lazima ing'ae. Ikiwa myeusi, alama (chanya au hasi) ya fezi imegeuka, kwani watengenezaji wa skana hawakubaliani kuhusu alama hiyo. Chagua rejea moja, kwa mfano wastani wa ubongo mzima, na usiibadilishe tena.

Neuromelanini. Chukua wastani wa ishara ya nigra, toa wastani wa krusi serebri (fungu la nyuzi za neva) iliyo mbele yake, gawanya kwa ule wa krusi. Nigra ikiwa 120 na krusi 100, jibu ni 0.20. Pima kulia na kushoto kando, na eneo la nyuma-nje lipimwe peke yake, kwa sababu wastani wa nigra nzima huficha hasara ya mapema. Kumbuka kwamba neuromelanini huongezeka kwa miaka mingi ya utu uzima ndipo ipungue uzeeni. Kumlinganisha mzee wa miaka 70 na wanafunzi wa chuo waliojitolea ni kujidanganya.

Maji huru. Chora eneo la nyuma ya nigra kwenye picha ya b sifuri, usilichore juu ya ramani ya maji huru yenyewe. Ukichora juu ya ramani, jicho litavutwa na ung'avu unaoutafuta. Kaa mbali na sisterna (nafasi yenye maji) iliyo kati ya krusi mbili, kwa maana vokseli moja ya maji ya uti wa mgongo hupandisha namba yote. Usilainishe picha. Ventrikali isome karibu na 1; ikisoma 0.6, kitu kimeharibika kabla hujafika kwenye nigra.

Usiazime kikomo cha "kawaida" kutoka kwenye makala ya kituo kingine. Skana, koili na hata toleo la programu huhamisha namba.

## Hatua ya 9: Soma mkia wa mbayuwayu

Soma vipande vyembamba vya asili. Skana nyingi hutoa pia mkusanyo unaochagua pikseli yenye giza zaidi katika vipande kadhaa. Mkusanyo huo ni mzuri kwa mishipa ya vena na ni mbaya kabisa kwa nigrosomu, kwa sababu kitu chochote cheusi kilicho jirani huufunika mng'ao. Ripoti nyingi za "imepotea" zimesomwa humo.

Anza juu, ambako kiini chekundu, jirani wa nigra kwenye ubongo wa kati, ni kikubwa na cha mviringo. Hapo mkia hautazamiwi kuonekana, kwa hiyo usiamue chochote. Shuka kipande kwa kipande hadi kiini chekundu kinapokwisha, kisha endelea kidogo chini yake. Tazama sehemu ya nyuma na nje ya nigra. Kwa mwenye afya utaona mstari au koma inayong'aa, imebanwa na mikono miwili myeusi, na umbo lote linafanana na mkia wa mbayuwayu uliopasuka katikati.

Toa uamuzi kwa kila upande peke yake: upo, haupo, au haiwezekani kusema. Jibu la tatu ni halali, na litumike bila aibu pale picha ilipotikisika. Wasomaji wawili wasome bila kujua upande wa dalili, ndipo walinganishe.

Yanayodanganya zaidi ni haya: mshipa mdogo kupita eneo hilo, kichwa kuinama upande mmoja hivi kwamba kulia na kushoto hazipo kwenye kimo kimoja, na maumbile tu, maana wapo watu wachache wenye afya wasioonyesha mkia.

## Hatua ya 10: Andika ripoti isiyozidi picha

Mkia uliopotea hauitofautishi Parkinson na MSA, PSP au demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) yenye miili ya Lewy. Magonjwa hayo yote huharibu nigra. Faida kubwa ya mkia iko upande wa pili: ukionekana vizuri kulia na kushoto kwa mtu anayetetemeka, uzito unaelekea kwenye mtetemeko usio wa Parkinson, au dalili zilizoletwa na dawa, kwa mfano za magonjwa ya akili.

Muundo wa ripoti unaofaa ni kama huu:

> SWI ya 3D, vokseli milimita 0.7, haina mtikisiko. Nigrosomu-1 ya kulia inaonekana, ya kushoto haionekani. Neuromelanini ya nyuma-nje imepungua kushoto ukilinganisha na kulia. Hakuna dalili za PSP, MSA wala viharusi. Matokeo yanaendana na kuharibika kwa nigra ya kushoto. Yalinganishwe na dalili za mkono wa kulia.

Usiandike "mgonjwa ana Parkinson", na usiandike "hana". Vipimo vikipingana, mfano mkia umepotea lakini neuromelanini na maji huru ni vya kawaida, taja mpingano huo na ubora wa kila picha, kisha pendekeza skani ya visafirishaji vya dopamini kama inapatikana, au kurudia MRI baadaye. Marudio hayo yafanyike kwenye skana ileile, kwa koili ileile. Hifadhi faili la mpangilio pamoja na picha za mgonjwa, kwa sababu toleo jipya la programu ya skana linaweza kubadilisha mipangilio bila mpiga picha kutambua.